Gari Lililotanua Miguu

Kaka yangu aliporudi kutoka Uingereza, alikotumwa kusomea upimaji wa ardhi, hakuleta mke Mzungu kama mama alivyokuwa akihofia. Alileta kofia ya kitambaa cha mistari, kiko ambacho hakikuwahi kuwaka vizuri, na mapenzi ya magari yasiyoweza kubeba kitu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Wazungu wa mashamba ya Naro Moru na Kiganjo walikuwa wakiuza vyao waende: meza, piano, matrekta, hata mbwa. Watu wenye akili walinunua matrekta. Kaka yangu alinunua gari la spoti.

Lilikuwa la kijani, la viti viwili, lenye paa la turubai lililochanika pembeni. Lilikaa chini mno hivi kwamba mvua za Aprili zikianza, lilikuwa linalima barabara ya kwetu badala ya kupita juu yake. Mama alipanda mara moja tu. Kumtoa ilibidi mimi na baba tumshike mikono tumvute, naye aliposimama akajipangusa magoti na kusema kwamba yeye alishatoka tumboni mwa mama yake na hakuona sababu ya kurudia. Gunia la viazi halikuingia. Debe la maziwa liliingia, lakini abiria ilibidi alipakate.

Kaka hakujali. Alikuwa akiliegesha mbele ya kilabu ambacho zamani kilikuwa cha Wazungu peke yao, akakaa barazani na wenzake waliorudi na kofia kama yake, wakalitazama. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya lile gari: kutazamwa.

Ukilitazama kutoka mbele, uliona jambo. Magurudumu ya mbele hayakusimama wima. Juu yaliinama kwa ndani na chini yakatoka nje, kama ndama aliyesimama kwenye tope la kuteleza. Mafundi wa mjini waliuita mlalo huo wa magurudumu kemba. Kila gari lina kemba kidogo, na hilo si kosa. La kaka lilikuwa limezidi, na upande wa kushoto umezidi kuliko wa kulia. Nilipomuuliza alinicheka.

"Ndivyo magari ya mashindano yanavyosimama," alisema. "Yanashika kona. Nimeyaona kwa macho yangu kule. Nyinyi mmezoea malori ya kabichi."

Alikuwa amewaambia mafundi wa gereji kubwa ya mjini wayainamishe zaidi ya yalivyokuwa. Aliwalipa wamharibie gari. Tangu hapo nimekutana na wajinga wengi, wengine wakubwa wangu kazini, lakini wengi wao walikuwa wajinga bure.

Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana pembeni mwa mji wa Nyeri. Nilikuwa na chumba kimoja nyumba za walimu, jiko la mafuta ya taa na baiskeli ambayo mwalimu mkuu hakupenda kuniona juu yake. Kaka alipochumbia, wakwe walimtaka awe mtu wa kuaminika, na serikali ikampa Land Rover ya kazi. Gari la spoti likaanza kumchosha. Lilikuwa linakula matairi. Kwa hiyo siku ya sherehe yake ya kupeleka mahari, baada ya nyama kuliwa na kabla ya sala ya kufunga, alisimama mbele ya ukoo mzima na glasi mkononi.

"Dada yangu ni msomi," alisema. "Haifai mwanamke msomi apande baiskeli kama tarishi. Leo nampa gari langu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika na ukarimu usiowagharimu kitu. Baba alifuta jicho. Kaka akanitupia ufunguo kwa mbali ili kila mtu auone ukiruka. Mambo ya kadi ya gari, alisema, tutayafanya baadaye, na baadaye hiyo haikufika kamwe. Nilielewa kwamba napewa gari lile kama mtu anavyotoa mbwa aliyeanza kung'ata wenyewe. Lakini nililitaka. Ningekuwa mwongo nikisema sikulitaka.

Nilijifunza tabia yake katika barabara ya Naro Moru, nikienda kuwaona wazazi mwisho wa wiki. Lilivuta kulia. Ulikuwa unaushika usukani kama unavyoishika kamba ya beberu anayepelekwa sokoni, na ukifika Naro Moru mikono inauma hadi begani. Matairi ya mbele yalikuwa na upara upande wa ndani huku upande wa nje ukiwa bado na vile vinyweleo vya mpira wa kiwandani.

Nilianza na fundi wa karibu na kituo cha basi, mtu mwenye sauti kubwa aliyetengeneza kila kitu kuanzia cherehani hadi mabasi. Alilizunguka gari, akalipiga teke tairi, akatema mate.

"Mwalimu, hii gari yako iko na shida ya kuzoea," alisema. "Ilizoea mzungu. Sasa inashangaa."

"Inashangaa nini?"

"Mkono, ati mkono ya mama ni laini. Gari inajua."

Dawa yake ilikuwa kuyageuza matairi kwenye rimu, upande wa ndani uwe nje. Baada ya muda matairi yakawa na upara pande zote mbili. Niliporudi kumwonyesha alifurahi sana. "Umeona? Sasa inakula sawasawa."

Ndipo nikaenda gereji kubwa, ile ile iliyokuwa imemhudumia kaka, yenye maua kwenye mapipa mlangoni na meneja aliyevaa koti jeupe kama daktari. Alinikaribisha vizuri, akaniketisha, akaniletea soda. Kisha akatazama mlangoni nyuma yangu.

"Mzee anakuja saa ngapi?"

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Ni mimi."

Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa utani na mtoto wa mkubwa wake. Aliniuliza kama nina tabia ya kukaa upande mmoja wa kiti. Wanawake, alisema, hubeba mkoba upande wa kulia, na gari dogo kama lile husikia uzito. Nilimwambia kwamba nafundisha hesabu, na kwamba mkoba unaoweza kupinda chuma ningependa kuununua. Hakusikia. Alikaa na gari juma zima, akanirudishia likiwa limeoshwa, limepakwa nta na linanukia limau. Magurudumu yalikuwa yameinama vile vile. Nilimwomba anionyeshe alichofanya.

"Hayo ni mambo ya ufundi, madam," alisema. "Tukianza kueleza hapa tutalala."

Niliendesha kurudi shuleni nikivutwa kulia katika harufu ya limau.

Aliyenitoa katika upumbavu huo alikuwa mwanamke wa Majengo, ule mtaa wa Waislamu wa mjini. Mumewe alikuwa ameaga dunia na kumwachia duka la spea za malori, na mji mzima ukasubiri alifunge. Badala ya kulifunga alilipanua. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye jino la dhahabu, aliyekaa juu ya kasha la giaboksi siku nzima akiwa amejifunga leso, akiwatukana wateja wake kwa Kiswahili kizuri kuliko tulichofundisha shuleni. Mafundi wa Nyeri walimwogopa kuliko polisi. Niliingia kuuliza kama anauza matairi, akaniuliza ni ya gari gani, nami nikamwonyesha kwa kidole lilipokuwa limesimama nje.

Alitoka. Akasimama mbele ya gari mikono kiunoni, akaliangalia, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea nguzo ya duka.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "gari lako linatafuta choo."

"Nimelipeleka gereji mbili."

"Gereji!" Alifuta machozi kwa ncha ya leso. "Hao wote spana zao wamenunua kwangu. Wanafungulia soda. Nani alilitanua hivi?"

Nikamweleza habari za kaka na magari ya mashindano. Aliniambia niiname nitazame nyuma ya gurudumu, nikainama na gauni langu la kazini pale pale barabarani. Akanionyesha mkono wa chini, yaani kile chuma kinachotoka kwenye chesisi kwenda kulishika gurudumu kwa chini. Mahali mkono ule ulipofungwa kwenye chesisi palikuwa na vibati vyembamba vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kila kibati kinausukuma mkono nje kidogo, na mkono nao unausukuma mguu wa gurudumu nje, basi kichwa cha gurudumu kinaanguka ndani. Chini ya lile gari vibati vilikuwa vimejazwa kama biskuti kwenye pakiti. Na bushi za mpira, zile zinazozuia chuma kisisuguane na chuma, zilikuwa zimelika zikabaki kama tambi zilizopikwa jana.

"Badilisha bushi, punguza vibati," alisema. "Ni hayo tu. Mengine ni nta."

"Nani atanifanyia?"

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Sina hakika kama alikuwa ananidharau au ananipima. "Wewe huna mikono?"

Likizo ilipofika na wasichana wakaondoka, nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kutumia uwanja wa netiboli, uliokuwa wa saruji. Alikuwa bibi mmoja aliyevaa gauni la kijivu mwaka mzima, na aliogopa oili kuliko dhambi. Alikubali kwa masharti kwamba nitandike magunia, nisifanye Jumapili, na nisivae suruali. Nilitandika magunia.

Mwenye duka alikuja na jeki yake ya lori na kiti chake cha kukalia, kwa sababu, alisema, hakuwa na nia ya kuchafuka, alikuja kuona. Nilianza kwa kuhakikisha sakafu ni sawa, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati ya wale mafundi aliyelifikiria, maana ukipima gurudumu kwenye mteremko unapima mteremko. Nilitumia mpira mwembamba wa maji, kama wajenzi, nikatafuta sehemu ya uwanja ambayo maji yalisimama kimo kimoja pande zote. Kisha nikaning'iniza timazi, uzi wenye kizito mwishoni, kando ya gurudumu kwa nje, nikapima nafasi kati ya uzi na rimu juu, na kati ya uzi na rimu chini. Upande wa kushoto, juu, ngumi yangu ilikaribia kupita.

Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu ya miaka. Niligonga, nikamwagia mafuta ya taa, nikagonga tena. Mwenye duka alikaa juu ya kiti chake akila machungwa na kunielekeza kwa mguu. "Hiyo. Si hiyo, hiyo. Mwalimu, unaogopa kuiumiza? Haina mama." Nilipong'oa bushi ya kwanza ikavunjika mikononi mwangu, nilihisi furaha ambayo darasani sikuwahi kuipata, hata siku za matokeo.

Upande wa kulia ulikubali. Bushi mpya zikaingia, vibati vingi vikatoka, gurudumu likashuka chini na kusimama kama mtu mwenye heshima zake. Timazi ikasema ni sawa. Upande wa kushoto ulikataa. Nilitoa vibati nusu, bado limeinama. Nikatoa vyote, bado. Nikaanza upya, nikidhani nimekosea hesabu, nikachora pembetatu kwa chaki juu ya saruji. Pembetatu ilikuwa haina kosa.

"Utoe mkono wote," alisema mwenye duka, na safari hii aliinuka kitini.

Nilipoutoa ule mkono na kuufuta grisi, niliona. Ulikuwa umepinda, tena mrefu kuliko wa kulia. Karibu na mwisho palikuwa na mstari mnene wa chuma kilichochomelewa, uliopakwa rangi nyeusi ili usionekane. Nilipoubonyeza na bisibisi, ufa mwembamba kama ukucha ukafunguka ndani yake.

Mwenye duka aliushika, akaugeuza, akaugeuza tena. Hakuwa anacheka.

"Huu naujua," alisema.

"Unaujuaje?"

"Kaka yako ni yule mrefu mwenye kiko? Alikuja kwangu na chuma hiki ndani ya gunia, kabla ya sherehe yake ya mahari. Akasema ni cha rafiki yake. Rafiki aligonga kalavati karibu na Karatina. Nikamwambia chuma hiki hakichomelewi, hiki kinabeba roho ya mtu, kikikatika kwenye mwendo gurudumu linakwenda kwake nawe unakwenda kwako. Nikamwambia nitamtafutia kingine. Akaona bei namwibia. Akaenda kule kwenye maua."

Nilikaa juu ya magunia. Nilikuwa nimeliendesha lile gari miezi yote ile, Naro Moru na kurudi, kwenye ile miteremko, mara nyingine na mwalimu mwenzangu pembeni. Kaka alikuwa ameambiwa. Aliambiwa waziwazi, kwa Kiswahili fasaha, na mtu anayejua. Kisha akasimama mbele ya ukoo na glasi mkononi akanitupia ufunguo.

"Unalia?" mwenye duka aliniuliza.

"Hapana."

"Basi simama. Tunatafuta mkono."

Gari kama lile halikuwa na spea dukani kwake wala Nairobi bila kusubiri meli. Lakini yeye aliwajua watu wa kila mji kuanzia Nanyuki hadi Sagana, na mtu mmoja alimwambia kwamba kuna la aina hiyo Kagio, nyuma ya duka la mfanyabiashara wa mchele na nyanya. Tulikwenda kwa lori la mteja wake. Gari lilikuwepo kweli. Lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina injini wala vioo, na ndani yake walilala kuku. Jogoo mmoja mwekundu alikuwa amekaa juu ya usukani na hakutaka kuteremka.

Mwenye kuku, mama mmoja mwembamba, hakuelewa tunataka nini. "Mnataka gari au mnataka chuma?"

"Chuma kimoja tu, cha huku mbele."

"Kuku wangu wako na mayai huko. Mkitingisha, watasusa."

Tulijadiliana kuhusu kuku wale muda mrefu kuliko tulivyojadiliana kuhusu chuma. Mwishoni nililala chini ya banda lile, kwenye samadi ya kuku, nikafungua nati huku mwenye duka akiwaimbia kuku kwa sauti ya chini, kwa amri ya mwenye kuku, wasishtuke. Sijawahi kumwona mtu mwenye hasira kiasi kile akiimba. Mkono ulitoka mzima, umenyooka, na kutu ya juu juu tu.

Kesho yake nikaufunga. Gurudumu la kushoto likasimama. Ukibadilisha kemba, namna magurudumu yanavyotazama mbele nayo hubadilika, kwa hiyo nilivuta uzi kutoka magurudumu ya nyuma hadi ya mbele na kurekebisha mpaka yote mawili yakatazama barabara badala ya kutazamana. Nikanunua matairi mapya. Kisha nikaliendesha hadi kwenye ule unyoofu wa kuelekea Kiganjo, nikaachia usukani, nikaweka mikono mapajani. Likaenda moja kwa moja. Mlima ulikuwa wazi asubuhi hiyo, na ng'ombe wa mtu fulani walikuwa wakivuka, ikabidi nishike usukani tena.

Habari zikazagaa mjini. Jambo la kwanza nililosikia ni kwamba meneja wa gereji kubwa alikuwa akiwaeleza watu jinsi gereji yake ilivyolinyoosha gari la mwalimu. Jambo la pili lilikuwa kaka.

Alikuja Naro Moru Jumapili, baada ya kanisa, akijua nitakuwepo. Alikuja na marafiki wawili wa kilabuni, katika gari la mmoja wao. Tulikuwa uani tukinywa chai na baba; mama alikuwa ameenda kumwona mgonjwa. Kaka alilizunguka gari, akalipapasa boneti.

"Limetulia," alisema. "Nilijua litatulia. Sasa, dada, nashukuru kwa kunitunzia. Hawa wenzangu na mimi tunataka kwenda nalo Nanyuki mwisho wa mwezi kwenye mashindano madogo."

"Kukutunzia?"

"Nilikuazima. Kadi si bado ina jina langu?"

"Ulinipa mbele ya watu."

"Ni namna ya kusema," alisema, na wenzake wakatabasamu. "Katika sherehe watu husema. Na wewe utalifanyia nini gari kama hili? Baba, mwambie."

Baba alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilianzia kwa kifungua mimba. Alikoroga chai yake kwa muda. "Mkubwa wako akitaka kitu chake," aliniambia kwa upole, "usigombane naye mbele ya wageni. Mpe. Mungu atakupa kingine."

Sikubisha. Niliinuka nikaenda kwenye buti ya gari. Ule mkono wa zamani ulikuwa humo, umefungwa kwenye gunia, kwa kuwa sikujua mahali pa kuutupa na pia kwa kuwa nilipenda kuutazama nikiwa na hasira. Nikauweka mezani katikati ya vikombe.

"Sawa," nilimwambia kaka. "Lakini nitakurudishia kile ulichonipa. Ulinipa hiki. Nina spana humo ndani na jeki. Wenzako wakimaliza kikombe cha pili nitakuwa nimeshaufunga, nawe uendeshe mpaka Nyeri. Mteremko wa pale mtoni uuendee kwa kasi, kama kawaida yako."

Rafiki mmoja alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

Baba aliuchukua ule mkono. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya mbao ya Mzungu na aliijua sura ya chuma kibovu. Akausogeza karibu na macho, akafuata ule mstari kwa ukucha wa kidole gumba, akaubonyeza. Ufa ukafunguka kidogo, ukajifunga.

"Hiki kilikuwa chini ya gari?"

"Kilikuwa chini ya gurudumu la kushoto," nilisema. "Aligonga kalavati Karatina. Mwenye duka la spea alimwambia kitakatika. Alimwambia kabla hajanipa."

"Huyo mwanamke anapenda maneno," kaka alisema. "Ilikuwa ni ufa mdogo. Mafundi waliuchomelea. Kitaalamu, sehemu iliyochomelewa huwa na nguvu kuliko..."

"Ulijua?" baba alimuuliza.

"Baba, mambo haya ni ya kitaalamu."

"Sikuulizi utaalamu. Nakuuliza, siku ile umesimama pale na glasi, na mimi nalia kama mtoto, ulijua?"

Kaka alitoa kiko mfukoni, akakitazama, akakirudisha. Marafiki zake waligundua mlima, wakaanza kuusifu jinsi ulivyo na theluji nyingi mwaka huo. Baba aliuweka mkono wa chuma mezani taratibu, kana kwamba ungeweza kuvunjika pale, akamwambia kaka amalize chai yake aende. Hakupaza sauti. Sikumbuki hata siku moja nyingine baba alipomwambia mwanawe wa kwanza aondoke nyumbani kwake.

Kaka hakuimaliza chai. Alipofika kwenye gari la rafiki yake aligeuka akaniambia, "Umeniaibisha mbele ya watu." Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuniambia kuhusu jambo lile. Gereji haikumwaibisha, wala kalavati, wala uongo wa rafiki. Ni mimi.

Kadi ya gari ililetwa shuleni na dereva wake wa serikali, ndani ya bahasha isiyo na barua. Miaka ilivyopita aliendelea kupanda vyeo na kunenepa. Kwenye harusi na mazishi nilimsikia akiwaeleza watu kwamba yeye ndiye aliyemnunulia dada yake gari la kwanza, katika enzi ambazo wanawake wa Nyeri walikuwa hawaendeshi. Watu walimsifu. Wakati mwingine nilikuwa nimesimama karibu naye, na sahani ya pilau mkononi, na hakupunguza hata neno moja. Hatukukosana kabisa. Tulisalimiana, tulizika wazazi pamoja, tukagawana shamba bila kwenda kortini, jambo ambalo kwa ukoo wetu ni muujiza. Lakini sikupanda tena chombo chochote alichokishika yeye usukani.

Nilimlipa mwenye duka kwa njia aliyoitaka mwenyewe. Jumamosi alifunga duka mapema, nami nikawa namchukua na paa likiwa limekunjwa, tukaenda Nanyuki kula nyama ya kuchoma kwenye hoteli moja ya nduguye. Aliingia garini kwa shida na kutoka kwa shida zaidi, na kote njiani aliwatukana madereva wa malori kwa majina yao na majina ya mama zao, kwa sababu wote walikuwa wateja wake. Walipiga honi kumsalimia. Alikuwa akiishika leso kichwani kwa mkono mmoja na kwa mwingine akinionyesha ni nani kati yao mwenye bushi zilizokwisha.

Tulifanya hivyo mpaka alipohamia Isiolo kwa binti yake. Baada ya hapo Jumamosi zikawa ndefu. Nikaliuza gari kwa daktari mmoja wa Mukurweini, nikanunua pikapu.